UZI: Namna ya kuita dansi ya duara inayobadilisha wenzi, na jinsi "moja na nusu" ilivyonivunjia duara

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niligusia humu kwamba huku Massachusetts ya magharibi ninapoishi huwa naita dansi za kontra, nikaulizwa na wengi: kuita dansi ndiyo nini? Leo nina nafasi. Uzi ni mrefu, tafuteni chai.

Kontra ni dansi ya kijamii ya New England. Si ya maonyesho, wala huhitaji kuwa fundi. Watu hulipa kiingilio mlangoni, wanavua viatu vya barabarani na kuvaa vyepesi, wanasimama safu mbili ndefu wakitazamana. Bendi inapiga papo hapo: fidla, piano, mara nyingine filimbi au banjo. Mbele yupo mtu mmoja na kipaza sauti, anawaambia wachezaji kipande kinachofuata kabla hakijafika. Huyo ndiye mwitaji. Kila dansi anaifundisha kwanza bila muziki, watu wakitembea tu. Kisha bendi inaanza, na mpangilio ule ule unarudiwa kwa dakika saba, nane, hata kumi. Mji wa Greenfield una ukumbi wa Guiding Star Grange, na watu hutoka mbali kuja kucheza pale. Hizo Grange ni kumbi za chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1867. Zina sakafu za mbao, na mbao ndiyo raha yenyewe kwa mguu.

Asili ya mpangilio ni dansi za vijijini za Uingereza, zile alizozichapisha John Playford huko London mwaka 1651. Lakini kuita kwa mdomo muziki ukiendelea hakukutoka Uingereza. Mtafiti Phil Jamison amefuatilia maandishi ya karne ya 19 na kuonyesha kwamba desturi hiyo ilianzia kwa wanamuziki Weusi wa Marekani, wengi wao watumwa, waliopiga fidla kwenye dansi za mabwana zao huku wakitaja hatua. Mtu wa Tanga kama mimi nikishika kipaza sauti hapa, hilo silisahau hata siku moja.

Sasa kiini cha uzi. Mbali na zile safu ndefu, usiku wa kontra mara nyingine huwa na dansi moja ya duara, ambayo mimi naiita mchanganyo. Ukumbi mzima unashikana mikono duara moja kubwa, kama watoto kwenye mchezo wa ukuti, wawili wawili. Kila mzunguko wa muziki ukiisha unaachana na mwenzi wako na kupata mwingine. Waitaji huiweka mapema ili wageni wachanganyike na wazoefu. Kwenye kontra ya safu mbili, mgeni akipotea kuna watu watatu wa kundi lake wanamvuta. Kwenye duara ana mtu mmoja tu, tena hamjui, na baada ya nusu dakika huyo naye kaondoka.

Ndiyo maana mchanganyo mgumu ni mtihani wa mwitaji. Na mimi niliufeli.

Mchangiaji, Dodoma

Nipo, nimekaa mbele kabisa. Shusha, dada.

Mleta uzi

Naendelea. Kwanza muziki, maana bila huo hamtanielewa. Tuni ya kontra ina mapigo 64, na pigo moja ni hatua moja ya mguu. Sehemu A inapigwa mara mbili, sehemu B mara mbili, kila moja mapigo 16. Kwa mwendo wa kawaida, mapigo kama 116 kwa dakika, mzunguko mzima unakwisha kwa sekunde 33 hivi. Vipande vingi vinachukua mapigo 8.

Pili, nafasi. Katika kila wawili mmoja ni Laki na mwenzake ni Robini. Ni majina ya ndege wa Kiingereza, yaliyochaguliwa kwa sababu herufi zao za kwanza ndizo za kushoto na kulia katika lugha hiyo. Zamani walisema mabwana na mabibi. Miaka ya karibuni kumbi nyingi zimebadili, na yeyote anacheza nafasi anayoitaka. Mkiangalia katikati ya duara, Robini yuko kulia kwa Laki. Mtu aliye upande wako wa pili, ambaye si mwenzi, ni jirani.

Dansi niliyoita usiku ule niliiunga mwenyewe kwa vipande vya kawaida:

A ya kwanza: wote waingie kati na kurudi (8), duara lizunguke kushoto (8).
A ya pili: duara lirudi kulia (8), kisha jirani, alemande ya kushoto mara moja (8).
B ya kwanza: mwenzi, alemande ya kulia mara moja na nusu (8). Mtu wa pili (unayekutana naye baada ya mwenzi), alemande ya kushoto mara moja na nusu (8).
B ya pili: mtu wa tatu, balansi na kuzungushana (16). Huyu ndiye mwenzi mpya.

Alemande ni kushikana viganja, viwiko chini, mkazungukana kwa kutembea. Balansi ni kusogeleana na kurudi nyuma kwa mapigo manne. Kuzungushana ni kule kushikana kama wacheza waltz na kuzunguka mpaka ukumbi uwe mistari tu machoni.

Kwenye karatasi inapendeza. Kila mkono unaitana na unaofuata: kushoto, kulia, kushoto, halafu unaangukia mikononi mwa mtu. Jioni ile walikuwepo watu kama 40, theluthi yao wageni kabisa. Nilisimama jukwaani nikaeleza kwa ufasaha wote: "Mwenzi kwa mkono wa kulia, mara moja na nusu." Wakatembea. Nikaona wenye mashaka hapa na pale, nikaeleza tena, kwa maneno mengi zaidi. Bendi ikaanza. Mzunguko wa kwanza ulipita. Wa pili, upande wa mbali wa ukumbi kulikuwa na Laki wawili wanatazamana mikono ikiwa hewani. Wa tatu duara lilikatika sehemu mbili. Nikaongeza sauti, nikaita kila pigo, na kadiri nilivyoita ndivyo watu walivyosimama ili wanisikilize. Nikaisimamisha bendi.

Kilichoniumiza ni mama mmoja mgeni, mtu mzima, aliyekwenda kwenye kiti akavaa koti lake na kutoka. Yeye alifanya nilichosema. Mimi ndiye niliyesema vibaya.

Mchangiaji, Mombasa

Pole sana, dada yangu. Hapo kwenye moja na nusu hata mimi nimepotea na nimekaa kwenye kochi. Kosa lilikuwa wapi hasa?

Mleta uzi

Ahsante, ndugu. Swali hilo lilininyima usingizi wiki mbili. Nilipanga vizibo vya chupa mezani, vyekundu Laki, vyeupe Robini, nikavisogeza kimoja kimoja. Nikaona hivi.

Mkizungukana nusu, mmebadilishana nafasi: Laki kasogea mbele upande wake, Robini kasogea upande wake. Mkizungukana moja kamili, kila mtu amerudi alikotoka. Mkizungukana moja na nusu, mmebadilishana tena. Yaani nusu na moja na nusu zinakufikisha mahali pale pale! Aliyezunguka nusu tu kawahi, basi. Anasubiri mapigo manne na yuko sawa. Aliyezunguka moja kamili kabaki nyuma, anayepaswa kumpokea hamkuti, na kosa lake linakwenda kwa jirani, kwa jirani wa jirani, mpaka duara linakatika.

Na mimi nilikuwa nimewaambia wageni nini? "Moja…" Mgeni anasikia "moja", anaishika hiyo, ile "na nusu" inamezwa na kelele za ukumbi. Niliwapeleka mwenyewe kwenye kosa pekee lisilosameheka.

Jambo la pili niliona kwenye vizibo, na hili ndilo lililonifanya niandike uzi. Ukimgeukia mwenzi wako kwenye duara, kila mtu akiwa kamgeukia wake, tazama ng'ambo ya bega lake. Utaona mgongo wa mtu. Ng'ambo ya mgongo huo utaona uso unaokutazama wewe. Ng'ambo yake, mgongo tena, halafu uso. Wenye migongo wanakwenda upande mmoja na wewe, hutakutana nao. Wenye nyuso wanakuja kwako. Uso wa kwanza ni mwenzi, wa pili ni mtu wa pili, wa tatu ndiye mwenzi mpya. Dansi nzima imeandikwa mbele ya macho ya mchezaji kabla hajanyanyua mguu, na mimi nilikuwa namhesabisha sehemu za mzunguko!

Mchangiaji, Dodoma

Hapa sasa naomba niseme kitu, maana nimepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na leo ni mwalimu wa sekondari, nimefundisha halaiki mara tatu. Umesema uliita kila pigo na watu wakasimama kusikiliza. Kwenye kwata amri ina sehemu mbili. "Nyuma…" hiyo ni ya kumwandaa mtu. "…geuka!" hiyo ndiyo ya kutenda, nayo lazima ianguke kwenye mguu wake. Ukichelewesha ya kutenda hata hatua moja, kikosi kinajigonga. Huko kwenu mwito unaanguka wapi?

Mleta uzi

Mwalimu, umepiga palepale. Kwetu mwito wote lazima uwe umekwisha kabla pigo la kwanza la kipande halijalia. Nikitaka mtu ampe mwenzi mkono wa kulia kwenye pigo la 1 la sehemu B, maneno yangu yanakaa kwenye mapigo manne ya mwisho ya sehemu A. Neno la mwisho linatua, pumzi, muziki unabadilika, mkono unanyanyuka. Tofauti na kwata ni kwamba amri ya kutenda haitoki kinywani mwangu. Inatoka kwenye fidla. Mimi naandaa tu, tuni ndiyo inayosema "geuka".

Usiku ule nilikuwa naita juu ya pigo lenyewe. Watu wakawa nyuma ya muziki kwa hatua mbili, kila kipande kikala mapigo ya kile kinachofuata, na wageni wakaacha kuisikia bendi kwa sababu sauti yangu ilikuwa imeifunika. Mwitaji mkongwe aliyekuwepo aliniambia baadaye kwa upole: ukumbi ukichanganyikiwa, punguza maneno. Nilikuwa nimefanya kinyume.

Mchangiaji, Muscat (mzaliwa wa Pemba)

Niliwahi kufanya kazi Shelisheli. Wana kontredansi yao, bendi inaitwa kamtole, fidla na akodioni na pembetatu, na yupo komander anayetaja hatua kwa Kikreoli. Nilikuwa nadhani ni mambo ya kisiwa kile tu. Kumbe ni ukoo mmoja na hii ya kwenu?

Mleta uzi

Ukoo mmoja, babu mmoja, ndugu yangu. Wafaransa waliichukua dansi ya vijijini ya Waingereza wakaiita contredanse, ikasafiri na meli zao hadi Bahari ya Hindi na Karibiani. Kwa hiyo kuna mwitaji kwenye visiwa vya bahari ile ile ya pwani yetu. Ukipata kumbukumbu za namna komander anavyopanga maneno, nakuomba ziweke humu. Ningependa sana kujua kama na yeye anatangulia pigo.

Turudi. Miezi mitatu baadaye niliiomba nafasi nyingine na kuiita dansi ile ile, ukumbi ule ule, wageni wengi vilevile. Niliyobadilisha ni haya.

Nilishuka jukwaani. Nilisimama ndani ya duara, si katikati, bali kwenye mstari pamoja nao. Ukisimama katikati nusu ya watu wanaona mgongo wako, na kulia kwako ni kushoto kwao.

Kabla mtu hajasogea niliwaambia: mgeukie mwenzi wako. Chungulia ng'ambo ya bega lake. Achana na migongo, tafuta uso. Umeuona? Mpungie mkono. Ukumbi mzima ukapungiana, wakacheka. Sasa tafuta uso mwingine ng'ambo ya huyo. Mpungie na yeye, maana huyo ndiye utakayezungushana naye. Mara moja watu walijua wanakokwenda. Mgeni anayejua anakwenda kwa nani hata njia ikimpotea, atafika kwa mkato.

Maneno "moja na nusu" sikuyatamka kabisa. Nilisema: mpe mwenzi mkono wa kulia, mzungukane. Uso mpya utauona mara mbili. Mara ya kwanza mwache apite. Mara ya pili mpe mkono wa kushoto. Halafu nikaongeza, kwa wenye magoti mabovu au wasio na haraka: ukitaka kumpokea mara ile ya kwanza, umefika sawa, msubiri tu. Wazee watatu wakaitikia kwa kichwa.

Kutembea bila muziki tulitembea mara moja tu. Hili ni muhimu kwenye mchanganyo: kila ukitembea, watu wanabadilisha wenzi. Ukirudia mara tatu umewatawanya wapenzi na marafiki kabla bendi haijaanza, na ukiwaambia warudi kwa wenzi wa mwanzo unapoteza dakika mbili na roho za watu. Tulianzia pale pale tulipofika.

Mwisho nilifundisha mwisho. Mkimaliza kuzungushana, fungukeni kama mlango mkiangalia kati, Robini kulia kwa Laki. Nikawafanya wafanye hivyo mara tatu, peke yake. Wawili wakifunguka kinyume, mzunguko unaofuata wote wanaelekea upande usio wao, na hapo hakuna mwito utakaowaokoa.

Mchangiaji, Nairobi

Na wale ambao hupotea tu, ufanye usifanye?

Mleta uzi

Wapo kila mara, na si aibu. Kuna desturi nzuri ya siku nyingi: ukijikuta huna mtu, ingia katikati ya duara unyanyue mkono. Mwingine aliyepotea atakuja, mtazungushana, mtarudi kwenye duara popote penye nafasi. Nilisema hilo kabla ya kuanza, kwa sauti ile ile niliyofundishia hatua, kama kipande cha dansi. Usiku wa kwanza sikulisema. Yule mama angekuwa na mahali pa kwenda zaidi ya mlangoni.

Mchangiaji, Mombasa

Nimechukua vizibo kama wewe. Kuna jambo nimeona. Yule mtu wa pili, wa mkono wa kushoto, mzunguko ukiisha anakuwa upande wangu wa pili. Yaani ndiye jirani yangu mpya?

Mleta uzi

Ndiye! Hongera, wengi wanaicheza mwaka mzima hawajaliona. Uliyemwacha kwa mkono wa kushoto anakaa jirani yako, na duara likishazunguka kushoto na kulia unampa tena mkono ule ule wa kushoto. Nilianza kulitumia kwenye mwito. Mzunguko wa tatu na kuendelea nasema tu "mkono wa kushoto, mnajuana", na watu wanageuka wakitabasamu.

Ongeza na hili. Kila mzunguko unaruka mtu mmoja: wa pili anakuwa jirani, wa tatu anakuwa mwenzi. Kwa hiyo kama wawili-wawili ni idadi shufwa, tuseme 20, baada ya mizunguko 10 unarudi kwa mwenzi wa kwanza, na nusu ya watu hujazungushana nao kamwe. Wakiwa 21, ukiendelea utampata kila mmoja. Sasa nikihesabu duara na kukuta shufwa, namwomba mpangaji wa ukumbi na mtu aliyekaa waingie.

Mchangiaji, Nairobi

Na usiku huo wa pili uliishaje?

Mleta uzi

Mzunguko wa kwanza na wa pili niliita kila kitu. Wa tatu na wa nne, neno moja moja: "Kati." "Jirani." "Mwenzi." "Uso mpya." "Zungushaneni." Wa tano nilitaja jirani tu. Kutoka wa sita nilinyamaza. Watu walijipungia wenyewe ng'ambo ya mabega, jambo ambalo sikuwa nimewaambia waendelee nalo. Mpiga fidla alinitazama, akabadilisha tuni kwenda nyingine ya kasi ile ile yenye ufunguo wa juu, na ukumbi mzima ukapiga kelele kwenye pigo la kwanza la A. Iliingia mizunguko 15. Katikati ya duara waliingia watu wanne tu, na wote walirudi.

Mchangiaji, Dodoma

Dada, nataka kuijaribu na kidato cha pili wiki ijayo, uwanjani. Sina fidla, nina spika tu. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Mwalimu, umenifurahisha. Tafuta muziki wowote wenye mapigo 64 kwa mzunguko, usio na kasi kubwa. Kama huupati, ngoma na makofi vinatosha, mradi kila baada ya mapigo 8 kuwe na alama inayosikika. Robini wafungie kipande cha kanga mkononi, wavulana kwa wasichana, bila kujali nani ni nani. Balansi na kuzungushana iache kwanza, weka kushikana mikono miwili na kuzunguka kwa kutembea. Tahadhari yako ya kwata itakusaidia: maliza kusema kabla ya pigo la nane. Na uchukue wanafunzi 14, si 12, ili kila Laki amfikie kila Robini.